Alama Kumi na Tisa Chini ya Kiti

Kile kiti nilikichora mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, na nilikipenda. Kiti cha miguu minne, chenye mgongo, kimegeuzwa kidogo pembeni ili hata asiyejua kusoma asije akasema ni meza. Kilikuwa picha ya mwisho kwenye kadi. Kabla yake kulikuwa na chungu, ndoo, ufagio, beseni la nguo, kikapu cha sokoni na kijiko cha kumlishia mgonjwa. Kiti maana yake kupumzika. Nani atakosea hapo?

Kadi ilikuwa ya utafiti wa ofisi yetu kuhusu watu wanaouguza ndugu zao nyumbani. Shirika moja lilitaka kujua siku ya mtu wa namna hiyo inakwenda wapi, ili lipange nyumba zipi zipelekewe msaidizi. Sasa, huwezi kumwuliza mtu jana alifanya nini tangu asubuhi ukategemea jibu la maana. Atakwambia "kazi za nyumbani" na mambo yaishe. Kwa hiyo tulitengeneza kadi ya picha yenye mistari ishirini na nane, mmoja kwa kila nusu saa, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa mbili usiku. Nusu saa ikipita, mhojiwa anatia alama chini ya picha ya kile alichokuwa akifanya. Basi.

Ofisini wananiita Kisanduku, kwa sababu nataka kila kitu kiingie kwenye kisanduku chake na kisitoke. Najua wananiita hivyo nikiwapa mgongo. Nimeshawaondoa wadodosaji watatu kwa kupika data. Mmoja wao alijaza madodoso kumi na mawili akiwa kwenye kibanda cha chai, akidhani sitaona kwamba familia zote kumi na mbili zina mbuzi wanne wanne. Kwa hiyo wakisema mimi mkali, hawanisingizii.

Kadi mpya lazima ijaribiwe kabla haijakwenda kwa watu, na kanuni inasema uijaribu kwa mtu usiyemjua. Lakini muda ulikuwa umetubana, na mimi nilikuwa na mwuguzaji wa karibu, mdogo wangu wa tumbo moja. Hilo ndilo kosa langu la kwanza, na ni kosa la watu wa kazi yetu tu. Mtu mwingine akitaka kujua mdogo wake anaishije, huenda akakaa naye. Mimi nilimpelekea kadi saba na kalamu mbili.

Mdogo wangu tunamwita Kitinda, kwa kuwa ndiye kitinda mimba. Anaishi na mama yetu kwenye nyumba ya vyumba viwili tuliyokulia, upande wa pili wa jiji, mwendo wa saa mbili kutoka kwangu. Mama ana ugonjwa wa kusahau, mwaka wa nne sasa. Zamani alikuwa karani wa ghala. Miaka ishirini na sita alikaa mlangoni akihesabu magunia yanayoingia na yanayotoka, na hakuna gunia hata moja lililompiga chenga. Siku hizi hata jina langu linampiga chenga.

Na wiki ile ile ya kadi, Kitinda alikuwa na ombi. Alikuwa amepata nafasi chuoni kusomea utengenezaji wa meno ya bandia. Msicheke. Mdogo wangu ana mikono ya ajabu. Meno ya mama yalipovunjika katikati, aliyaunganisha mwenyewe siku mbili nzima, akiyalainisha kwa msasa kidogo kidogo mpaka yakakaa. Kisha akamchukua mama mpaka chuoni, akamwomba afungue mdomo mbele ya walimu, wakamkubali papo hapo. Kozi ni ya miezi mitatu, bweni ni huko huko, na hawapokei mtu aliyetimiza arobaini. Kitinda ana thelathini na tisa. Alitakiwa athibitishe ifikapo Jumatatu, na alichokuwa akiniomba ni kimoja tu: nihamie kwa mama kwa miezi hiyo mitatu.

Nilimwambia nitaangalia. Anayenijua anajua kwamba nikisema nitaangalia, nimeshakataa.

Kadi ziliporudi nilizimwaga mezani, nikahesabu. Chungu alama tatu. Ndoo moja. Ufagio moja. Beseni mbili. Kikapu hakuna. Kijiko mbili. Kiti alama kumi na tisa. Nikachukua kadi ya siku ya pili: kumi na tisa. Ya tatu, ishirini. Saa tisa na nusu kwa siku, mdogo wangu anapumzika! Mimi niliyekuwa nikila mkate nimesimama karibu na mashine ya kuchapa, damu ilinichemka. Nikampigia hapo hapo.

"Hebu niambie," nikamwambia, "kwenye kadi umeweka kiti mara kumi na tisa. Ni kweli?"

"Ni kweli, dada. Ndivyo ilivyokuwa."

"Basi mama yangu wee, tubadilishane! Mimi ofisini sipati hata nusu saa. Halafu unataka niache kazi nije huko ili wewe ukapumzike kutoka kupumzika?"

Nyuma yake nikasikia mlango ukigongwa gongwa, na sauti ya mama ikiuliza kitu.

"Sawa, dada," akasema.

Nikakata simu nikijiona mshindi. Ushindi wenyewe haukushuka vizuri, lakini niliusukuma kwa chai.

Mkuu wetu wa utafiti ni mzee mmoja mwembamba, yuko karibu kustaafu, tunamwita Mzee Rudia. Ukimpelekea jedwali, hata liwe safi namna gani, atalitazama, atavua miwani, atasema "rudia". Nilimpelekea matokeo ya majaribio bila kumwambia ni ya nani. Nilikuwa nimeandika "mhojiwa namba moja".

Alisoma, akacheka.

"Huyu anaishi wapi? Nami nataka kuuguza huko."

"Si ndiyo, mzee? Kumbe wengine wanalalamika bure."

Alivua miwani. Nikajua.

"Kiti kilikuwa wapi?" akauliza.

"Kiti gani?"

"Hiki alichokalia mara kumi na tisa. Kilikuwa sebuleni? Uani? Kando ya kitanda? Kilikuwa kinatazama wapi?"

"Mzee, kadi haiulizi hayo."

"Naona. Umechora kiti, hukuchora nyumba." Akanirudishia karatasi. "Mtu aende akatazame siku moja nzima. Kisha urudie."

Nikasema nitakwenda mwenyewe. Wenzangu walishangaa, maana kazi ya kutazama huwa nawapa vijana. Sababu yangu ya kweli haikuwa nzuri, na nitaisema: nilitaka kumfumania.

Utazamaji una kanuni zake, na mimi ndiye ninayewafundisha wadodosaji wetu kila mwaka. Unachagua kona. Kila baada ya dakika kumi unaandika mhojiwa anafanya nini. Huongei, husaidii, hushiki kitu. "Wewe ni ukuta," huwa nawaambia. "Umeona wapi ukuta unabeba beseni?" Huwa wanacheka hapo, nami huwa nafurahi wanapocheka.

Jumamosi saa moja asubuhi nilikuwa kwa mama, na ubao wangu wa kuandikia na fomu yenye nafasi sitini na sita.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Leo mimi si dada. Mimi ni ukuta."

"Haya," akasema Kitinda, akaenda zake jikoni. Alikuwa amekonda. Hilo nalo kadi haiulizi.

Mama alikuwa ameketi kitandani, mlango wa chumba chake uko wazi kuelekea sebuleni. Nikamwamkia. Aliutazama ubao wangu kabla ya kunitazama mimi, kisha akaiweka sawa kanga mabegani.

"Karibu, mkaguzi," akasema. "Kalamu unayo?"

Nikamwonyesha kalamu. Akaridhika. Mimi nikaenda kwenye kona yangu, nikakaa juu ya sanduku la nguo, nikaandika saa moja kamili.

Saa moja na dakika kumi, Kitinda anakoroga uji. Saa moja na ishirini, Kitinda anamlisha mama. Saa moja na nusu, Kitinda anaosha vikombe. Na katikati ya vikombe mama akainuka, akapita sebuleni kwa mwendo wa mtu aliyechelewa kazini, akafika mlango wa mbele, mkono kwenye komeo. Nyumba yetu inapakana na barabara ya malori. Toka mlangoni hadi kwenye lami ni hatua sita. Kitinda alitoka jikoni mikono ikichuruzika povu, akampita mama ubavuni, akavuta kiti na kukaa.

Hapo ndipo nilipokiona kiti. Kilikuwa mlangoni, kimeuziba. Cha mbao, mguu mmoja umekazwa kwa waya, mgongo wake umeegemea komeo. Hakikufanana na nilichochora.

Mama alisimama, akamtazama Kitinda aliyekaa pale.

"Kumbe yupo karani," akasema, na sura yake ikatulia kabisa. Akageuka, akarudi kitandani.

Baada ya dakika chache akatoka tena. Akamkuta Kitinda kitini. "Kumbe yupo karani." Akarudi. Kitinda alipojaribu kuinuka kumalizia vikombe, mama alikuwa ameshafika nusu ya sebule.

Nilivumilia mpaka saa tatu, kisha ukuta ukaongea.

"Kwa nini msifunge tu kufuli?"

"Tulifunga," Kitinda akasema, hakugeuza shingo kutoka chumba cha mama. "Alipiga mlango mpaka viganja vikavimba. Kiti kitupu anakisogeza. Akiona mtu amekaa, anajua mlango una mwenyewe, harudii kuusumbua. Nilikwambia, dada. Kwenye simu, mwaka jana."

Kweli aliniambia. Nilikuwa nasahihisha ripoti huku nimebana simu kwa bega, nikisema ehee, ehee.

Nikaendelea kuandika. Saa tatu na kumi, amekaa. Saa tatu na ishirini, amekaa. Fomu yangu haikuwa na mahali pa kuandika kwamba mguu mmoja ameutanguliza mbele, tayari kuinuka. Haikuwa na mahali pa kuandika kwamba hashoni, hasomi, hachambui hata mchele, kwa sababu sindano mama aliwahi kuinyakua na mchele aliumwaga. Masikio yake yalikuwa chumbani na macho yake chumbani. Mama alitoka mara kumi na nne kabla ya saa sita, nilihesabu pembeni ya karatasi, na mara zote kumi na nne Kitinda alimwambia "Nipo, mama" kwa sauti ile ile, kana kwamba ni mara ya kwanza. Mimi ningeshapiga kelele kwenye mara ya tatu. Najijua.

Nikagundua jambo jingine. Tangu asubuhi Kitinda hajanywa kitu. Chai alimimina vikombe viwili, kimoja akanipa mimi kwenye kona yangu, chake akakisukuma pembeni kikapoa na utando juu. Mkate aliutafuna mkavu. Nikaandika pembeni, "hanywi, kwa nini?" nikaweka alama ya kuuliza, kama mjinga mwenye kalamu.

Mchana mama huwa analala, Kitinda aliniambia baadaye, kuanzia saa saba hadi saa nane, na hiyo ndiyo saa yake ya kufua, kuoga na kwenda uani. Siku ile mama hakulala. Angelalaje, na mkaguzi yupo ghalani? Kila nilipogeuza karatasi alichungulia. Mwishowe akaja mpaka kwenye kona yangu, akainama, akanong'ona kwa heshima ya ofisi.

"Mkaguzi, mizigo yote ipo. Unaweza kuhesabu."

Nikatikisa kichwa kukubali. Ukuta unaruhusiwa kutikisa kichwa, nilijiambia.

"Huyu karani wangu wa mlangoni," akaendelea, akimwonyesha Kitinda kwa kidevu, "mwandike vizuri. Hajatoka pale hata mara moja. Mvua, jua, yupo. Mimi nimekaa na makarani wengi, wengine wezi. Huyu sijaona mfano wake."

"Ndiyo, mama," nikasema.

"Tena anadai likizo. Hajapewa hata siku moja. Nimesema huko juu, hawasikii. Wewe si mkaguzi? Mwandikie likizo."

Nilitazama fomu yangu. Machozi yalinitoka, nikayaacha, kwa sababu kuyafuta kungemshtua. Miaka minne nilikuwa nikiambiwa jambo hili na mtu mwenye akili zake timamu, na nikahitaji kuambiwa na mama yangu asiyenijua.

Ilikuwa saa nane na dakika kumi. Nikaandika "amekaa". Kisha nikainua macho nikaona magoti ya Kitinda. Alikuwa ameyabana, anayatikisa kidogo kidogo, mikono ameshika kingo za kiti, na jasho limemtoka juu ya mdomo. Alinitazama mara moja, haraka, akatazama pembeni. Hakuniomba. Nilimwambia mimi ni ukuta, naye alikuwa ameniamini.

Ndipo nikajua kwa nini hanywi.

Niliweka ubao chini.

"Inuka," nikamwambia. "Nenda."

"Dada, fomu yako."

"Kitinda, nenda, nisije nikakubeba."

Akaenda mbio, kandambili zikibaki mlangoni. Nami nikakaa. Kiti kilikuwa cha moto kwa joto lake, na kile kipande cha waya kinachoma nyuma ya paja ukikaa vibaya. Sijui amekaa nacho miaka mingapi bila kusema.

Mama hakukawia. Akatoka kwa ule mwendo wake wa kazini, akanifikia, akasimama. Alinitazama uso kwa muda mrefu, na nikatumaini, nakiri, kwamba atanitaja.

"Karani mpya?" akauliza.

"Ndiyo, mama. Mpya."

"Unajua kuhesabu?"

"Najua kidogo. Najifunza."

"Usiondoke mlangoni," akasema, akanigusa bega. "Wa zamani yuko wapi?"

"Amekwenda kupumzika kidogo."

"Haya." Akarudi kitandani, na kwa kuwa hapakuwa tena na mkaguzi, alilala baada ya muda.

Kitinda hakurudi. Nilipochungulia kupitia mlango wa jikoni nilimwona uani, amekaa chini, mgongo ukutani, kichwa kimeangukia bega, kikombe kikubwa cha maji kitupu mkononi. Amelala fofofo. Beseni la nguo lilikuwa mbele yake, ameshatumbukiza vitambaa viwili tu. Sikumwamsha. Sikuweza hata kwenda kumfunika, kwa sababu mama alikwishageuka kitandani, na mlango lazima uwe na karani.

Alipoamka ilikaribia saa kumi na mbili, akaja anakimbia, macho mekundu, anaomba radhi.

"Chuo wanapokea simu Jumamosi?" nikamwuliza.

"Mpaka saa kumi na mbili. Kwa nini?"

"Zimebaki dakika saba. Chukua yangu, ina salio."

Hakunielewa mara moja. Kisha akaelewa, akakaa sakafuni palepale miguuni pangu, akaweka paji la uso kwenye goti langu. Nikamwambia anisamehe. Nilisema hivyo hivyo, kwa maneno, maana mambo kama haya sisi kwetu tuna tabia ya kuyapitisha kwa kununuliana kanga. "Dakika tano, dada," akasema huku analia na kucheka. "Tutachelewa." Akapiga.

Jumatatu nilimpelekea Mzee Rudia fomu. Alihesabu kwa ncha ya kalamu.

"Nafasi arobaini na nne zimejazwa. Ishirini na mbili ziko wazi," akasema. "Wewe? Kisanduku?"

Kumbe hata yeye analijua hilo jina.

"Sababu nimeandika chini, mzee."

Akasogeza miwani akasoma kwa sauti: "Mtazamaji alikuwa kwenye kiti." Akainua macho. "Na kiti kilikuwa wapi?"

"Mlangoni. Kinatazama ndani. Mhojiwa ni mdogo wangu, mzee, na mgonjwa ni mama yangu. Nilipaswa kusema."

Nilisubiri anivue cheo. Akavua miwani tu.

"Kadi?"

"Inapaswa kuchorwa upya. Viti vitakuwa viwili, na kimoja kitakuwa na mlango. Lakini ataichora mwingine, kama utakubali. Mimi naomba likizo. Nina siku zangu za miaka mitatu sijazigusa."

"Za miaka mitatu," akarudia, akitikisa kichwa, akafungua mtoto wa meza kutafuta fomu ya likizo. Neno lake hakulisema.

Kozi ilianza siku ya kwanza ya mwezi. Asubuhi ile Kitinda alikuwa tayari na begi moja na kibweta cha misasa yake. Alinionyesha tena dawa, akanionyesha tena mahali mama anapoficha meno, akanishukuru mara ya nne kwa kuufunga waya wa kiti kitambaa. Nikamwambia aondoke kabla sijabadili mawazo. Nikasogeza kiti, akapita, nikakirudisha na kukaa.

Mama alitoka chumbani. Akamwona Kitinda nje, dirishani, begi mkononi, akasogea mpaka kwenye nondo.

"Karani," akamwita. "Wamekupa likizo?"

Kitinda aligeuka. Alishika nondo za dirisha, mikono yake juu ya mikono ya mama.

"Wamenipa, mama."

"Walichelewa," mama akasema. "Nenda salama. Mlango una mtu."